Je, Sifa Zilimzidi Lomachenko?

Tarehe 17 Oktoba 2020, mjini Las Vegas, kijana wa miaka 23 aitwaye Teófimo López alimshinda Vasyl Lomachenko kwa pointi, na majaji wote watatu wakakubaliana. Mpaka siku ile Lomachenko, mzaliwa wa Bilhorod-Dnistrovskyi nchini Ukraine, alikuwa na medali mbili za dhahabu za Olimpiki na alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia katika uzito wa aina tatu. Mwaka 2019 jarida la The Ring lilimweka kileleni mwa orodha ya mabondia bora bila kujali uzito. Waweka dau nao walimpa yeye nafasi kubwa ya kushinda. Katika siku zilizofuata mashabiki waligawanyika: hawa wakisema sifa zilimzidi tangu mwanzo, wale wakisema bega lake lilikuwa bovu.

Naupenda mchezo huu, na ubishi huu naupenda zaidi, kwa sababu ndani yake kuna swali la kisayansi la kweli. Swali lenyewe lina jibu. Ila jibu haliji kabla hatujakubaliana ni kitu gani hasa tunakipima, na hapo ndipo wabishi wengi huruka hatua.

Kuna mambo matatu tunayoyachanganya. La kwanza ni uwezo wa bondia, yaani kile alicho nacho mwilini na akilini. La pili ni matokeo: alimshinda nani, lini, kwa namna gani. La tatu ni sifa, yaani kile tunachoamini na kutangaza juu yake. Uwezo hauonekani. Tunachokiona ni matokeo, na kutokana na matokeo tunaukisia uwezo, kisha makisio hayo tukiyasema kwa sauti kubwa yanageuka sifa. Kwa hiyo anayesema sifa zimemzidi bondia fulani anadai kwamba makisio yetu yako juu ya uwezo wake. Dai hilo linalinganisha kitu tunachokijua na kitu kilichofichika, na haliwezi kupimwa moja kwa moja. Njia iliyopo ni kuigeuza sifa kuwa utabiri, halafu kuusubiri utabiri utimie au usitimie.

Mtu aliyeifanya kazi hii kwa ustadi mkubwa hakuwa wa ndondi. Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Marquette mjini Milwaukee, aliutengenezea mchezo wa sataranji mfumo wa viwango ambao chama cha sataranji cha Marekani kiliupokea mwaka 1960 na shirikisho la dunia mwaka 1970. Kila mchezaji hupewa namba. Wawili wenye namba sawa, kila mmoja anatarajiwa kupata nusu ya pointi zote watakazogombea. Mmoja akimzidi mwenzake kwa 200, anatarajiwa kupata asilimia 76. Akimzidi kwa 400, asilimia 91. Mchezo ukiisha, namba hurekebishwa kulingana na ukubwa wa mshangao. Aliyetabiriwa asilimia 76 akishinda anaongezewa kidogo tu, maana ushindi wake ulikwisha kuhesabiwa ndani ya namba yake. Akishindwa, anapunguziwa zaidi ya mara tatu ya kile ambacho angeongezewa.

Ndani ya hesabu hii, sifa zilizozidi zina maana iliyo wazi. Mchezaji aliyetabiriwa pointi 76 katika michezo 100 akapata 60, huyo sifa zilimzidi. Aliyetabiriwa 76 akapata 76, sifa zake ni sahihi, hata kama michezo aliyopoteza ilichezwa mbele ya dunia nzima na ile aliyoshinda ilichezwa gizani. Kushindwa mara moja, peke yake, hakuthibitishi lolote. Kinachohesabiwa ni kushindwa zaidi ya ilivyotabiriwa.

Watanzania waliwahi kuuona mshangao wa aina hii ukifanya kazi yake. Septemba 2018 bondia wao Hassan Mwakinyo alikwenda Birmingham kupigana na Sam Eggington mbele ya mashabiki wa Eggington, akamsimamisha raundi ya pili. Katika orodha ya BoxRec, ambayo hupangwa kwa hesabu, alipanda nafasi nyingi sana kwa usiku mmoja. Hesabu haikuwa imelewa. Tokeo ambalo hakuna aliyelitarajia hubeba habari nyingi kuliko ushindi kadhaa uliotarajiwa na kila mtu.

Sasa turudi kwa Lomachenko na tatizo la kwanza: uchache. Mchezaji wa sataranji hucheza mamia ya michezo, na makosa ya makisio hujisahihisha yenyewe njiani. Lomachenko alipanda ulingo wa ngumi za kulipwa mara 21 tu. Alishinda 18, akapoteza 3. Hebu tuseme kuna bondia ambaye kila anapopigana ana uwezekano wa asilimia 90 wa kushinda. Huyo ni bondia wa hali ya juu mno, kwa sababu wapinzani wake nao ni mabingwa. Uwezekano wa kumaliza mapambano 21 bila kupoteza hata moja ni 0.9 ikizidishwa kwa yenyewe mara 21, yaani takriban asilimia 11. Na uwezekano wa kupoteza matatu au zaidi ni kama asilimia 35. Maana yake ni kwamba tukiwachukua mabondia 100 wenye uwezo ule ule mmoja, wapatao 11 watastaafu bila doa na tutawaita wa ajabu, na wapatao 35 watastaafu na madoa matatu au zaidi na tutasema walikuzwa. Uwezo ni mmoja. Kilichowatenganisha ni bahati.

Ndiyo maana rekodi iliyoandikwa kwa namba mbili na kistari katikati inapotosha. Pambano la pili la Lomachenko katika ngumi za kulipwa, Machi 2014 mjini San Antonio, lilikuwa dhidi ya Orlando Salido wa Mexico, mzoefu aliyekwisha kupoteza zaidi ya mapambano 10 maishani. Salido alishinda kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Rekodi ya Lomachenko ikasomeka ushindi 1, kushindwa 1. Karibu miezi minne baadaye alikutana na Gary Russell Jr., Mmarekani mwenye mikono myepesi kupita kiasi aliyekuwa ameshinda mapambano yake yote 24. Kwa mwenye kusoma rekodi tu, 24 bila doa dhidi ya 1 kwa 1 si mashindano. Lomachenko alishinda: majaji wawili walimpa 116 kwa 112, wa tatu akaandika sare.

Thamani ya ushindi ule haikuishia siku ile. Russell alitwaa mkanda wa ubingwa wa dunia wa WBC mwaka 2015 na kukaa nao mpaka Januari 2022, na kwa miaka yote hiyo doa lake pekee lilikuwa lile la Lomachenko. Ushindi wa mwaka 2014 ulizidi kuwa mzito mwaka hadi mwaka bila Lomachenko kurusha ngumi nyingine, kwa sababu kila ulinzi wa mkanda wa Russell ulitueleza upya aliyeshindwa usiku ule alikuwa nani. Mtu anayetaka kukadiria bondia kwa haki hana budi kurudi nyuma na kuwapima upya wapinzani wake kwa kile walichokifanya baadaye.

Tatizo la pili limo ndani ya pambano lenyewe. Raundi ina dakika 3 na ndani yake mna mambo mengi: ngumi zilizofika, zilizokwepwa, uzito wake, nani anamrudisha nani nyuma. Jaji anatakiwa kuyakusanya yote hayo na kuandika 10 kwa 9. Raundi aliyoshinda mtu kwa unywele na raundi aliyotawala tangu kengele hadi kengele zote kwa kawaida huandikwa namba zile zile, ilimradi hakuna aliyeangushwa. Habari nyingi hutupwa njiani mara 12, na mwisho tunajumlisha mabaki.

Tupime hasara hiyo. Chukua bondia aliye bora kidogo kuliko mwenzake, kiasi kwamba kila raundi ana uwezekano wa asilimia 55 wa kuipata. Katika raundi 12, tukichukulia kwamba kila raundi inasimama peke yake na hakuna pointi za kukatwa, ataibuka mshindi kama mara 53 katika 100, atatoka sare mara 21, na atashindwa mara 26. Yeye ndiye bora, kwa masharti tuliyoyaweka wenyewe, na bado pambano moja kati ya manne hivi linakwenda kwa mwenzake. Mpandishie mpaka asilimia 60 kwa raundi, ambayo ni tofauti inayoonekana hata na jicho la shabiki wa kawaida, na bado atashindwa mara 16 katika 100.

Mei 2023, Devin Haney alimshinda Lomachenko mjini Las Vegas kwa 116 kwa 112, 115 kwa 113, na 115 kwa 113. Raundi moja ikihama upande, tofauti inasogea kwa pointi mbili: 115 kwa 113 inakuwa 114 kwa 114. Kwa hiyo kama kila mmoja wa wale majaji wawili angeiona raundi moja tu kwa namna nyingine, pambano lingeisha sare na Haney angebaki na mikanda yake bila ya kuwa na ushindi. Pambano zima lilining'inia kwenye raundi moja kati ya 12, na baada ya hapo watu wakaandika hukumu za maisha ya mtu. Ukitazama pambano la López utaona upana wa kosa la kipimo chenyewe: majaji watatu waliokaa kuzunguka ulingo ule ule waliandika tofauti za pointi 4, 6 na 10. Chombo kinachotoa majibu matatu hivyo kwa kitu kimoja kinahitaji vipimo vingi kabla hatujakiamini, na ndondi haitupi vipimo vingi.

Hata hivyo siwezi kuliweka pambano la López katika fungu la bahati. Wahesabu ngumi wa CompuBox walimpa López ngumi 183 zilizofika na Lomachenko 141, na katika nusu ya kwanza Lomachenko alirusha chache mno kwa mtu aliyetaka kushinda. Siku chache baadaye alifanyiwa upasuaji wa bega la kulia, na hilo linaweza kueleza sehemu ya uchache ule. Linaeleza, halifuti. Bondia hupanda ulingoni na mwili alionao, na utabiri wa pambano lijalo lazima ujumuishe mabega yake.

Rekodi yake ya ngumi za ridhaa ndiyo iliyompandisha jina kabla hajapata hata senti ya ulingoni: ushindi 396 na kushindwa mara 1, na Albert Selimov wa Urusi, katika fainali ya dunia mjini Chicago mwaka 2007. Huko baadaye alimlipiza Selimov mara mbili. Kwa hesabu ya uchache tuliyoifanya juu, 397 ni namba ya kutosha kabisa. Mbona basi isimalize ubishi? Kwa sababu ilipima kitu kingine. Katika Olimpiki za Beijing mwaka 2008 na London mwaka 2012, majaji watano walishika vitufe na kubonyeza kila walipoona ngumi imefika. Mfumo huo uliingizwa Olimpiki mwaka 1992, baada ya hukumu ya aibu dhidi ya Roy Jones Jr. huko Seoul mwaka 1988. Ulihesabu mguso safi. Ngumi iliyotikisa ubongo na ngumi iliyogusa paji la uso zilikuwa pointi moja moja, bondia alivaa kofia ya kinga, na pambano lilikuwa raundi nne za dakika 2 huko Beijing na raundi tatu za dakika 3 huko London. Lomachenko alikuwa huenda mtu bora kabisa duniani wa kugusa bila kuguswa kwa dakika 8 au 9. Ngumi za kulipwa zinauliza swali lingine: ni nani anayeumiza, na ni nani bado amesimama dakika ya 36. Majibu ya maswali haya mawili yanahusiana, lakini hayalingani, na kila aliyelichukua jibu la kwanza akalibandika kwenye swali la pili alikuwa anamkuza Lomachenko bila ya kujua.

Hapa tuingie kwenye fizikia, maana kinachojibu swali la pili kwa sehemu kubwa ni tungamo.

Mpiganaji wa kilo 57 hana mwili wa kilo 61 uliopunguzwa tu. Nguvu ya msuli hutegemea eneo la mkato wake, na eneo hukua kwa mraba wa urefu. Tungamo hukua kwa mchemraba wa urefu. Ukimkuza mtu sawasawa pande zote, kilo zake zinaongezeka haraka kuliko nguvu zake. Ndiyo sababu wadogo wana nguvu nyingi kwa kila kilo, na ndiyo sababu huonekana wepesi na wa ajabu tunapowalinganisha na wakubwa. Orodha ya mabondia bora bila kujali uzito inajaribu kufuta tofauti hii kwa mawazo: ingekuwaje wote wangekuwa na mwili mmoja? Swali hilo halina ulingo wa kulijaribia. Linaburudisha, na lina historia ndefu inayokwenda mpaka kwa Sugar Ray Robinson na kabla yake, lakini haliwezi kukosolewa na tokeo lolote, na kitu kisichoweza kukosolewa si utabiri.

Kinachoweza kujaribiwa ni tungamo kwa tungamo. Salido alipopima uzito alizidi kikomo cha kilo 57.2 akapoteza mkanda wake hapo hapo kwenye mizani. Usiku uliofuata, kwa uzito uliotangazwa kwenye televisheni ya HBO, alikuwa na kilo 66.7 hivi na Lomachenko 61.7. Kilo 5 za ziada, nyingi zikiwa maji yaliyorudishwa mwilini, hazimfanyi mtu arushe ngumi kwa kasi zaidi. Lakini kani ile ile ikisukuma tungamo kubwa zaidi huzaa mchapuko mdogo zaidi, na wakati wa kusukumana, kukumbatiana na kuegemea, kinachohusika ni tungamo la mwili wote, maji yakiwemo. Salido aliufanya usiku mzima uwe wa kusukumana na kupiga mwilini, mara nyingi chini ya mkanda wa kaptula. Alichagua sehemu ya mchezo ambayo fizikia ilikuwa upande wake. Kwangu huo ni ustadi pia, japokuwa zile ngumi za chini mwamuzi alipaswa kuziadhibu.

Na ustadi wa Lomachenko je, wenyewe ni nini? Mtu wa kawaida akiona taa ikiwaka huchukua kama milisekunde 200 kubonyeza kitufe. Ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele inayosafiri sentimita 60 kwa wastani wa mita 6 kwa sekunde hufika kwa milisekunde 100. Kwa hesabu hiyo, anayesubiri kuiona ngumi ndipo akwepe, amekwisha kupigwa. Wanaokwepa hawaikwepi ngumi. Wanakwepa ishara zilizoitangulia, bega lililoshuka, uzito uliohamia mguu wa mbele, nyonga iliyoanza kuzunguka. Kila bondia mzuri ni mtabiri.

Lomachenko aliushambulia utabiri wenyewe. Baba yake Anatoly, ambaye pia ndiye aliyekuwa mwalimu wake, alimtoa mwanawe ulingoni kwa muda akiwa mtoto na kumpeleka kwenye ngoma za asili za Ukraine ili ajifunze miguu. Matunda yake yalionekana ukubwani: hatua fupi ya kutoka mbele ya mpinzani kwenda ubavuni mwake. Mtu aliye ubavuni hawezi kupigwa kwa nguvu mpaka mwenzake azungushe miguu, na kuzungusha miguu huchukua muda mrefu kuliko kurusha ngumi. Katika muda huo mpinzani hana ishara za kusoma, na Lomachenko anazo zote. Wanne kati ya watano waliokutana naye kwenye uzito wa kilo 59 waliacha pambano likaishia kwenye kona kati ya raundi, akiwemo Guillermo Rigondeaux, bingwa wa Olimpiki mara mbili kama yeye, Desemba 2017.

Lakini hatua ya ubavuni ina masharti: kwanza umfikie mtu. Upana wa mikono ya Lomachenko iliyonyooshwa ni kama sentimita 166. Wa Haney ni 180. Gawa tofauti kwa mikono miwili, unapata sentimita 7 kwa kila mkono. Ngumi huzipita sentimita 7 kwa milisekunde 12 hivi tu, kwa hiyo kasi ya mkono siyo shida. Shida ni mguu. Mwenye mkono mfupi lazima avuke ukanda ambao ndani yake anafikiwa lakini yeye hafikii, na huuvuka kwa hatua, ambayo huchukua muda mrefu kuliko ngumi, na hatua hiyo yenyewe ni ishara inayosomeka. Kadiri alivyopanda uzito, ukanda huo ulipanuka na wale waliousimamia walizidi kuwa wazito. López naye ana mikono mirefu kuliko yake, na alitumia raundi sita kuulinda ukanda huo.

Kwa hiyo uwezo wa bondia hauwezi kuwa namba moja anayotembea nayo. Mfumo wa Elo unadhani kwamba kama A ni bora kuliko B, na B ni bora kuliko C, basi A ni bora kuliko C. Katika sataranji dhana hiyo husimama vizuri. Kinshasa, usiku wa 30 Oktoba 1974, ilivunjika mbele ya Waafrika maelfu kwa maelfu. George Foreman alikuwa amemwangamiza Joe Frazier kwa raundi mbili na Ken Norton kwa raundi mbili, na wote wawili walikuwa wamewahi kumshinda Muhammad Ali. Kwa mnyororo huo Ali hakuwa na nafasi. Alishinda kwa KO raundi ya nane. Foreman aliwavunja waliomjia. Ali akaegemea kamba na kumwacha achoke. Ni duara.

Lomachenko naye ana duara lake. López alimshinda Lomachenko mwaka 2020. Novemba 2021 George Kambosos Jr. wa Australia alimshinda López. Mei 2024, mjini Perth, Lomachenko alimsimamisha Kambosos raundi ya 11. Nani kati yao ni bora? Ukilisema swali kwa namna hiyo, halina jibu. Linapata jibu ukitaja nani dhidi ya nani, kwa kilo ngapi, mwaka gani.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo ninalolishikilia zaidi katika ubishi wote. Francis Galton, Mwingereza wa karne ya 19, alipima urefu wa wazazi na watoto wao, na mwaka 1886 akachapisha kwamba wazazi warefu mno huzaa watoto warefu, lakini kwa wastani si warefu kama wao. Hii ni tabia ya kipimo chochote chenye bahati ndani yake. Anayetokea kileleni amefika hapo kwa uwezo pamoja na bahati iliyomwendea vizuri. Ukimpima tena, uwezo unabaki na bahati haina sababu ya kurudi. Tumeona bahati ilivyojaa katika ndondi. Basi yeyote aliyewekwa namba moja kwenye orodha iliyotengenezwa kwa mapambano machache, kwa wastani, amewekwa juu kidogo ya anapostahili. Hii haimhusu Lomachenko peke yake. Ingemhusu yeyote ambaye angekaa kwenye kiti kile mwaka 2019. Sifa zilizozidi ni tabia ya kilele cha orodha, na lawama za mwenye kiti zinapaswa kuanza pale tu pungufu lake linapozidi lile ambalo kiti chenyewe kinaleta.

Je, lilizidi? Tuyagawe yale mapambano 21 kwa uzito. Kwenye kilo 57.2 alishinda 5 na kupoteza 1. Kwenye kilo 59 alishinda 5 bila kupoteza. Kwenye kilo 61.2 alishinda 8 na kupoteza 2. Tofauti inaonekana zaidi tukihesabu mapambano aliyoyamaliza kabla ya raundi ya mwisho: kwenye kilo 59, yote 5, kwenye kilo 61.2, 4 kati ya 10. Huenda ni bahati, kwa hiyo tuipime. Chukua karata 15, tisa zikiwa na alama ya ushindi wa mapema, uzichanganye, kisha utoe tano. Uwezekano wa zote tano kuwa na alama ni takriban 4 katika 100. Si uthibitisho, hasa kwa vile mpangilio huu niliutafuta baada ya kuyaona matokeo, na umri wake nao ulikuwa ukienda. Lakini unaelekea pale pale fizikia ilipotuelekeza.

Haki inatutaka tuendelee na hesabu hiyo hiyo hata pale inapouma. Rigondeaux alikuwa mtu wa kilo 55 aliyepanda ngazi mbili kumfuata. Anayesema tungamo lilimbeba Salido hana budi kukubali kwamba lilimbeba Lomachenko dhidi ya Rigondeaux, na ushindi ule aupunguze thamani kwa kadiri ile ile.

Msimamo wangu ni huu: kama bondia wa kilo 61, sifa alizopewa mwaka 2019 zilimzidi, kwa kiasi kidogo. Kama bondia wa kilo 59, sina tokeo hata moja linaloonyesha zilimzidi, na natamani kungekuwa na matokeo magumu zaidi ya kumjaribia. Yangeweza kupatikana. Mwaka 2017 yeye alikuwa na mkanda wa WBO wa uzito huo, Miguel Berchelt wa Mexico alikuwa na wa WBC, na Gervonta Davis alikuwa na wa IBF mpaka alipoupoteza mwezi Agosti kwa kuzidi uzito. Wote watatu walikuwa katika miaka ya kupigana, kwa kilo zile zile, na hakuna pambano hata moja kati ya Lomachenko na hao wawili lililowahi kuandaliwa. Juni 2025 alitangaza kustaafu.